Deni la Kodi na Akiba ya Uzeeni: Lipi Litangulie?

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyeshika mwendo wao.

Ndugu Waislamu, yapo maswali ambayo watu huyauliza kwa sauti ya chini baada ya sala ya Ijumaa, wengine wakiwa wamekwisha toka nje ya msikiti. Mojawapo ni hili. Mtu ameajiriwa kwa miaka thelathini, na pembeni ya ajira yake amekuwa na duka, au gari la abiria, au ghala la mbao lililoandikishwa kwa jina lake. Anafika umri wa kustaafu, mafao yake ya mkupuo yanaingia benki, na kabla hajamaliza kuwashukuru waliomfanyia hafla ya kumuaga, anapokea barua ya Mamlaka ya Mapato ikimtaka alipe kodi ya miaka iliyopita pamoja na riba na adhabu. Afanye nini? Atoe mafao yote alipe, arudi nyumbani mikono mitupu? Au ayashike mafao, anyamaze, na kumwachia Mungu?

Nyumba nyingi hugawanyika hapo. Baba husema deni ni deni. Mama huuliza watakula nini. Watoto wakubwa, ambao huenda wao ndio waliokuwa wakiliendesha duka lenyewe, hukaa kimya. Leo tumeona ni wajibu wetu kuitazama kadhia hii kwa jicho la sheria ya dini yetu na kwa jicho la sheria ya nchi, kwani yote mawili yana la kusema.

Tuanze kwa kusema msimamo wetu, ili msomaji asitutafute. Deni la kodi lililothibiti ni deni la kweli, na ni wajibu kulilipa. Hata hivyo, akiba ya uzeeni inapasa kuwa fedha ya mwisho kuguswa, wala si ya kwanza. Na isiguswe kabla deni halijahakikiwa, wala bila ya kujua wale ambao maisha yao yanaitegemea.

Je, kodi ni deni?

Wapo wanaosema kwamba Muislamu hana haki ya kudaiwa katika mali yake ila zaka, na kwamba kodi za dola ni katika ile tozo iliyolaaniwa ambayo kwa Kiarabu huitwa maksi. Hoja hii husikika zaidi pale ambapo barua ya madai imekwisha fika. Ni kweli kwamba Mtume (s.a.w.) amekemea vikali tozo za dhulma, na wanachuoni wameyachukua makemeo hayo kuwa yanahusu fedha zinazochukuliwa kwa watu bila haki. Lakini ni kweli vilevile kwamba maimamu wakubwa waliizungumza hali ambayo hazina ya umma haitoshi na mahitaji ya jamii ni ya lazima. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, na Imamu Ash-Shatibi, aliyefariki mwaka 790 Hijria, wote wawili waliona kuwa mtawala anaweza kuwatoza wenye uwezo kiasi cha haja, kwa sharti la uadilifu. Barabara tunazopita, zahanati wanakojifungulia wake zetu na mishahara ya walimu wa watoto wetu vyote hutoka katika mfuko huo. Kama tunaona tozo fulani ni ya dhulma, njia ya kuipinga ipo, nayo ni ya wazi. Kunyamaza miaka kumi kisha kudai fatwa siku ya kulipa si katika njia hizo.

Aidha, iko sehemu ya deni la kodi ambayo haina mjadala hata kidogo. Mfanyabiashara aliyesajiliwa kukusanya Kodi ya Ongezeko la Thamani huichukua kodi hiyo kutoka kwa mnunuzi, juu ya bei ya bidhaa. Mwajiri huikata kodi ya mshahara kutoka katika ujira wa mfanyakazi wake. Fedha hizi mbili hazikuwa zake hata kwa saa moja. Alikabidhiwa azipeleke, naye akazitumia. Hii ni amana, na Mwenyezi Mungu katika sura ya An-Nisaa, aya ya 58, ametuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Kwa hiyo anayepekua barua ya madai na atenganishe mafungu: lipi ni kodi ya mapato yake mwenyewe, lipi ni amana ya watu, na lipi ni riba na adhabu. Fungu la amana ndilo la kwanza kulipwa, hata kama mkusanyaji hajalifuatilia.

Akiba hii ni ya nani?

Tuitazame sasa ile fedha ya upande wa pili. Akiba ya uzeeni haikupatikana kwa siku moja. Kwa mwanachama wa NSSF katika Tanzania Bara, mchango wa kila mwezi ni asilimia 20 ya mshahara, ukichangiwa na mwajiri na mwajiriwa. Mtumishi wa umma huchangia katika PSSSF, mfuko uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganishwa mifuko minne ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF. Umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na kwa hiari ni 55. Ili mtu apate pensheni ya kila mwezi, anatakiwa awe amechangia si chini ya miezi 180, yaani miaka 15. Mafao hayo hulipwa kwa namna mbili: sehemu moja ni mkupuo unaotolewa mara moja, na sehemu iliyobaki ni pensheni ya kila mwezi hadi mwisho wa uhai.

Wasomaji wetu wanakumbuka mjadala mkubwa uliotokea mwaka 2018 pale kanuni mpya zilipotaka kuuweka mkupuo katika asilimia 25. Kanuni hizo zilisitishwa mwezi Desemba mwaka huohuo kwa agizo la Rais John Magufuli, na mwaka 2022 kiwango cha asilimia 33 kikaanza kutumika. Kwa nini watu waliupigania mkupuo kiasi kile? Ni kwa sababu kwa mfanyakazi wa kawaida hiyo ndiyo fedha kubwa pekee atakayoishika maishani mwake. Ndiyo inayoezeka nyumba aliyoianza kujenga miaka ishirini nyuma. Ndiyo inayomtibu presha na kisukari. Ndiyo itakayomlinda mkewe akiwa mjane.

Kwa sababu hiyo sheria zimeweka uzio. Mwanachama hawezi kwenda mfukoni akiwa na umri wa miaka 45 na kusema nipeni fedha yangu nikalipe kodi. Hata Marekani, ambako tuna jamaa na watoto wetu wengi wanaofanya kazi, uzio huo upo kwa sura nyingine. Anayeitoa akiba yake ya uzeeni kabla ya kutimiza miaka 59 na nusu, kama fedha hiyo haikukatwa kodi wakati wa kuwekwa, huihesabu kuwa pato na kuilipia kodi ya mwaka huo, na juu yake hutozwa asilimia 10 isipokuwa kwa udhuru uliotajwa na sheria. Kutaka kulipa deni la kodi kwa hiari si miongoni mwa nyudhuru hizo. Matokeo yake ni kwamba mtu hutoa akiba kulipa deni la kodi la mwaka juzi, akazaa deni jingine la mwaka huu. Tunawausia watoto wetu walioko huko wasifanye haraka katika jambo hili kabla ya kuhesabu pande zote mbili.

Dini yetu nayo haikuifanya akiba ya familia kuwa kitu chepesi. Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua na kutaka kuitoa mali yake yote sadaka, Mtume (s.a.w.) alimkataza, akamruhusu theluthi, na hata hiyo theluthi akaiona ni nyingi. Akamfahamisha kwamba kuwaacha warithi wakiwa na cha kujitosheleza ni bora kuliko kuwaacha mafukara wakiwanyooshea watu mikono. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Katika hadithi nyingine iliyopokewa na Abu Daud, imeelezwa kuwa inamtosha mtu kuwa ni dhambi kuwapoteza wale ambao riziki yao iko juu yake.

Lakini hapa yatupasa kuwa wakweli. Hadithi ya Saad inahusu sadaka na wasia, na sadaka ni hiari. Deni si hiari. Tena madhehebu yetu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wetu katika pwani hii, ni makali kwa mdaiwa. Imamu An-Nawawi katika kitabu chake cha Al-Minhaj ameeleza kwamba mtu aliyefilisika na wadai wakamfikisha kwa kadhi, huuzwa hata nyumba yake kwa kauli iliyo sahihi zaidi, na akaachiwa mavazi yake na chakula cha siku ile kwa ajili yake na wanaomtegemea. Wanachuoni wa Kihanbali wamekuwa wepesi zaidi; wao humwachia nyumba ambayo hana budi nayo na vyombo vya kazi yake. Kwa hiyo asitokee mtu akatumia jina la dini kudai kwamba kiinua mgongo chake ni kitakatifu hakiguswi. Kinaguswa. Swali letu ni lini, kwa kiasi gani, na baada ya kufanya nini.

Hatua kabla ya kufika benki

Hatua ya kwanza ni kulihakiki deni. Madeni mengi ya kodi ya wafanyabiashara wadogo hutokana na makadirio. Mtu alifungua duka, akapewa namba ya mlipakodi, duka likafa mwaka wa tatu, naye akafunga mlango bila ya kuitaarifu ofisi ya kodi. Katika vitabu duka hilo bado liko hai. Kwa kuwa ritani hazikuletwa, ofisi inayo mamlaka ya kukadiria kwa kadiri ya taarifa ilizonazo. Basi mstaafu atafute mkataba wa pango, barua ya mwenye nyumba, stakabadhi za zamani na taarifa za benki, aonyeshe ni lini biashara ilisimama. Qur'ani katika aya yake iliyo ndefu kuliko zote, Al-Baqara aya ya 282, imetuamrisha kuyaandika madeni na kuyawekea mashahidi. Anayedaiwa ana haki ya kutaka aonyeshwe hesabu, kama vile mdai alivyo na haki ya kulipwa.

Hatua ya pili ni kupinga kile ambacho si sahihi, na kukipinga kwa wakati. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa mlipakodi wa Tanzania siku 30 tangu kupokea uamuzi wa kodi kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu. Anatakiwa kulipa kwanza kiasi asichokibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kwa kutazama kipi ni kikubwa, ingawa anaweza kuomba apunguziwe sharti hilo akiwa na sababu ya msingi. Asiporidhika na uamuzi wa mwisho, ipo Bodi ya Rufani za Kodi, na juu yake lipo Baraza la Rufani za Kodi. Watu wengi huzipoteza siku hizo 30 kwa hofu, au kwa kuiweka barua kabatini wakitumaini kuwa itasahauliwa. Barua za aina hiyo hazisahauliwi.

Hatua ya tatu ni kuomba kulipa kwa awamu. Sheria hiyohiyo inamruhusu Kamishna kumwongezea mdaiwa muda na kukubali alipe kidogo kidogo, iwapo ameomba kwa maandishi na kutoa sababu. Mwenye kuomba aende na mpango unaoshikika: kiasi gani atalipa leo, kiasi gani kila mwezi, na kitatoka wapi. Na akishaandikiana, atekeleze, kwani sura ya Al-Maida imefunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba.

Hatua ya nne ni kutazama mali iliyo ya ziada. Ni ajabu kumwona mtu ana kiwanja cha pili ambacho hakijawahi kulimwa wala kujengwa, na gari linalooza chini ya mwembe, kisha anakwenda kuigusa fedha ya dawa na chakula cha uzeeni. Kiwanja kiuzwe kwanza. Na kama duka lilikuwa likiendeshwa na watoto wakubwa waliofaidika na faida yake, basi haki ni kwamba nao wabebe sehemu ya deni lake, ijapokuwa jina lililoandikishwa ni la baba.

Hatua ya tano, baada ya hizo nne, ni mkupuo. Tuchukue mfano wa hesabu. Mstaafu amepokea mkupuo wa shilingi milioni 48, na anadaiwa milioni 30, ambapo kodi yenyewe ni milioni 18 na riba na adhabu ni milioni 12. Akienda benki siku hiyohiyo na kulipa, atabaki na milioni 18. Lakini tuseme amehakiki akagundua kuwa milioni 5 katika kodi hiyo zilikadiriwa kwa miaka miwili ambayo duka lilikuwa limekwisha fungwa, na kwamba milioni 3 za riba na adhabu zinatokana na makadirio hayo. Pingamizi lake likikubaliwa, deni litashuka hadi milioni 22. Akauza kiwanja kwa milioni 10 na kulipa papo hapo. Zimebaki milioni 12. Akakubaliwa kulipa kwa miezi kumi na miwili, milioni moja kila mwezi, pamoja na riba ya salio. Kodi ya vyumba viwili vya uani ikatoa laki mbili kila mwezi, na laki nane zilizosalia akazichukua katika mkupuo. Mwisho wa mwaka deni limekwisha, naye amebakiwa na takriban milioni 38, pungufu kidogo kwa ile riba ya salio, badala ya 18. Deni limelipwa katika hali zote mbili. Tofauti ni mwaka mmoja wa subira na mama mwenye nyumba ambaye hakubaki na kilio.

Kuchelewa pia kuna gharama

Tusifahamike vibaya kwamba tunamhimiza mtu avute muda. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mwenye uwezo anapochelewesha kulipa deni, huo ni udhalimu, hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Katika sheria ya Tanzania riba ya kodi iliyochelewa hujumlishwa kila mwezi juu ya riba iliyotangulia. Nchini Kenya hutozwa asilimia moja kwa mwezi juu ya kodi ya msingi, mbali na adhabu. Muislamu ambaye anaikimbia riba anapokopa yatakikana aione riba hii pia, kwani anajiingiza ndani yake kwa kukaa kimya. Aidha, Kamishna anayo mamlaka ya kuiagiza benki itoe fedha za mdaiwa katika akaunti yake na kuzipeleka serikalini. Mwenye kudhani kuwa mkupuo wake uko salama kwa sababu umelala benki, hajausoma vizuri mkono wa sheria.

Kutokana na hayo, iko hali ambayo kulipa mara moja kutoka katika mkupuo ndiyo busara: deni ni sahihi, hakuna mali nyingine, pensheni ya kila mwezi inatosha kwa chakula, na riba inakimbia kuliko faida ambayo akiba hiyo inaweza kuleta kwa njia ya halali. Hali nyingine ni pale serikali inapotangaza msamaha. Mwaka 2018 Tanzania ilitoa msamaha wa riba na adhabu kwa walioomba na kulipa kodi ya msingi. Kenya ilifanya hivyo kwa sheria ya mwaka 2023 kwa waliomaliza kodi ya msingi ifikapo tarehe 30 Juni 2024, kisha ikafungua tena mlango hadi tarehe 30 Juni 2025. Milango hiyo imekwisha fungwa, na si busara kukaa mtu akisubiri mwingine. Lakini ukifunguliwa, shilingi moja ya akiba huweza kufuta deni kubwa kuliko yenyewe, na asiyeitumia nafasi hiyo kwa ubahili amejidhulumu.

Tahadhari tatu

Ya kwanza: asikope mtu kwa riba ili kuiokoa akiba. Siku hizi wamezagaa watoa mikopo ambao watu wenyewe wameipa mikopo yao jina la kausha damu, na zipo taasisi zinazowakopesha wastaafu kwa dhamana ya pensheni yao. Anayehama kutoka deni la kodi kwenda deni la aina hiyo hajatoka motoni, amebadili chumba.

Ya pili: asikimbilie kuhamisha mali kwa jina la mke au mtoto ili wadai wasiione. Hiyo ni hila ya kula haki ya mdai, na kila mwenye kuandikishwa mali kwa nia hiyo amefanywa mshirika bila ya kutaka. Wangapi wamehamisha nyumba kwa jina la mtoto mmoja, na baada ya mazishi ndugu wakapelekana mahakamani?

Ya tatu: mke ashirikishwe. Fedha ni ya mume kwa jina, na sheria haimtaki aombe ruhusa. Lakini nafaka ya mke ni haki, wala si hisani. Mwenyezi Mungu katika sura ya Al-Baqara, aya ya 233, amewataka wazazi wawili wakitaka kumwachisha mtoto ziwa wafanye hivyo kwa kuridhiana na kushauriana. Ikiwa shauri linatakiwa katika kumwachisha mtoto maziwa, itakuwaje katika chakula cha miaka yote iliyobaki? Na mara nyingi mama ndiye anayejua stakabadhi zimehifadhiwa wapi.

Zaka na deni la kodi

Huulizwa pia: je, mwenye deni la kodi anaweza kupewa zaka? Aya ya 60 ya sura ya At-Tawba imewataja wenye madeni miongoni mwa mafungu manane. Sharti ni kwamba awe hana uwezo wa kulilipa deni lake, na lisiwe limetokana na maasi ambayo hajayatubia. Mwenye kificho cha mamilioni benki, anayeweza kulipa na kubakiwa na cha kumtosha, hana haki hapo. Lakini wanafiqhi wa Kishafii wameeleza jambo lenye huruma ndani yake: mdaiwa ambaye akilipa deni lote kwa alichonacho atageuka kuwa maskini, huachiwa kinachomtosha, na husaidiwa kwa zaka katika kile kilichobaki. Kamati za zaka za misikiti yetu zilijue hili. Mzee aliyelipa hadi akaishiwa, na bado anadaiwa, ni mtu wa kutembelewa.

Katika Sahihi Muslim imepokewa habari ya mtu mmoja wa zama za Mtume (s.a.w.) aliyepata hasara katika matunda aliyoyanunua, madeni yakamwelemea. Mtume aliwataka watu wamtolee sadaka. Zilipokusanywa na zisitoshe, aliwaambia wadai wake wachukue kilichopatikana, na kwamba hawana zaidi ya hicho. Tazama mpangilio wake: jamii ilisaidia, mdaiwa alitoa, na wadai wakakoma. Pande zote tatu zilikuwa na wajibu.

Kwa hiyo nasaha zetu haziwaendei wadaiwa peke yao. Maofisa wa kodi, ambao wengi wao ni ndugu zetu katika imani, wakumbuke aya ya 280 ya sura ya Al-Baqara, ambayo inaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda hadi atakapopata wepesi. Sheria imewapa nafasi ya kukubali awamu. Wasimnyime mzee mwenye hoja. Na wale ambao bado wana miaka kumi au kumi na tano ya ajira wasisubiri. Aliyefunga biashara na akaifunge pia ofisini. Mwenye duka apeleke ritani kila mwaka, hata mwaka ambao hakupata kitu. Atenge kodi ya wateja katika akaunti yake peke yake. Deni la kodi linalomkuta mtu akiwa na miaka 60 mara nyingi lilizaliwa akiwa na miaka 45.

Mwisho, tukumbuke kwamba deni haliishi kwa kufa mwenye deni. Imepokewa na Tirmidhi kuwa roho ya muumini hubaki imetundikwa kwa deni lake mpaka lilipwe. Na katika aya za mirathi za sura ya An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, Mwenyezi Mungu amerudia mara kwa mara kwamba mgawanyo huja baada ya wasia na deni. Msimamizi wa mirathi anapokaa na warithi, kodi ya marehemu iko mezani pamoja na madeni mengine, na anayegawa kwanza ajue kuwa amegawa kisicho chao. Ni afadhali mzee azihesabu karatasi hizo angali hai, mkewe akiwa pembeni yake, kuliko wajane na mayatima kuja kuzisoma kwa mara ya kwanza siku ya arubaini.

Sura ya Al-Isra, aya ya 29, imetukataza kuufunga mkono shingoni kwa ubahili, na imetukataza kuukunjua wote tukabaki tukijuta. Mwenye kiinua mgongo mkononi na barua ya kodi mezani yuko baina ya makatazo hayo mawili. Alipe anachodaiwa kwa haki, kwa mpangilio, bila kuficha. Na ahifadhi anachoruhusiwa kukihifadhi kwa ajili ya uzee wake na watu wake, bila ya kuona haya.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atulipie madeni yetu, atupe riziki ya halali yenye kututosha, na atuepushe na udhalili wa uzeeni. Wabillahi tawfiq.